Mfupa wa kuku na nimonia isiyokwisha

Swali, kwa ufupi: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, tunaishi Tanga. Huu ni mwezi wa nne anakohoa makohozi ya njano yanayonuka, jioni anapanda homa, na mwili umepungua. Ametumia antibiotiki mara tatu. Kila akimaliza dozi anapata nafuu, halafu baada ya wiki mbili kikohozi kinarudi. Makohozi yamepimwa TB mara mbili, haikuonekana. Picha ya kifua ina weupe chini upande wa kulia, na karatasi imeandikwa nimonia. Sasa wanataka kumwanzishia dawa za TB hivyo hivyo. Juzi nikakumbuka kwamba kabla ya haya yote alipaliwa harusini akila pilau ya kuku. Macho yalimtoka, tukampiga mgongoni, akanywa maji, yakaisha. Mwenyewe anasema mfupa aliumeza. Je, mfupa unaweza kukaa kwenye pafu miezi minne bila mtu kujua? Si ungeshayeyuka? Si ungeonekana kwenye picha? Na kama upo, ni lazima apasuliwe?

Marahaba, mwanangu. Katika barua yako yote hakuna sentensi yenye thamani kuliko ile ya harusi, nawe umeiweka karibu na mwisho kama jambo la kupita. Hiyo ingepaswa kuwa mstari wa kwanza kwenye faili la baba yako, na naweza kukisia kwamba haimo kabisa. Sisi madaktari humwuliza mgonjwa anakohoa tangu lini, anatoka jasho usiku, anavuta sigara, nyumbani kuna mwenye TB. Wachache hukumbuka kuuliza: ulipaliwa? Mgonjwa naye hasemi, kwa kuwa kwake jambo lile liliishia palepale kwenye sinia.

Sijamwona baba yako wala picha yake, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba ana mfupa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mfupa unaweza kabisa kukaa humo miezi minne, na kwamba nimonia inayorudi mahali palepale mara tatu haipaswi kutibiwa mara ya nne kabla ya mtu kuchungulia ndani ya mrija unaopeleka hewa mahali hapo.

Miezi minne kwa kweli si mingi. Mwaka 2017 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilichapisha kisa cha mwanamume wa miaka 47 wa Preston aliyekwenda hospitali kwa kikohozi kisichokwisha. Alikuwa mvutaji sigara, picha ilionyesha doa kwenye pafu, na madaktari walihofia saratani. Walipoingiza kamera wakatoa kitu cha plastiki: kikoni kidogo cha barabarani, sehemu ya seti ya wanasesere aliyozawadiwa alipotimiza miaka 7. Kilikaa humo miaka 40. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2010, huko Massachusetts nchini Marekani, mzee wa miaka 75 aliyedhaniwa pia kuwa na saratani alikutwa na punje ya njegere iliyoanza kuchipua ndani ya pafu. Najua kisa hicho kinachekesha, lakini mzee mwenyewe aliingia hospitali akiwa hoi.

Sasa, kwa nini yalikwisha pale harusini? Hapa Kiswahili kinatusaidia kwa kuwa na maneno mawili. Kusakamwa ni kitu kukukwama kooni. Unakisikia kinachoma, unameza mate kwa shida, unaweza kuonyesha kwa kidole mahali kilipo. Mwiba wa samaki hufanya hivyo mara nyingi. Kupaliwa ni kitu kuingia njia ya hewa badala ya njia ya chakula. Njia hizo mbili zina mlango mmoja kooni, na kila tunapomeza kuna kifuniko kidogo kinachoifunika njia ya hewa kwa kitambo kidogo. Ukicheka au ukivuta pumzi kwa ghafla huku mdomo umejaa, kifuniko kinachelewa. Sehemu ya juu ya njia ya hewa ina hisia kali mno, ndiyo maana mtu hutoka macho na kukohoa kama anakufa. Lakini kitu kikishapita hapo na kushuka kwenye mirija ya chini, hisia hupungua na kikohozi hutulia. Mtu hunywa maji, hupangusa machozi, wenzake hucheka. Kimya hicho ndicho kinachotudanganya sote. Kinaweza kudumu siku, majuma au miaka.

Kwamba weupe uko chini upande wa kulia nako kunanifanya niinue sikio. Bomba kuu la hewa linapogawanyika kifuani, tawi la kulia ni pana zaidi, fupi zaidi, na limeshuka karibu wima kuliko la kushoto, ambalo limepinda kuupisha moyo. Kitu kinachoanguka hufuata njia rahisi, na kwa mtu mzima aliyeketi au kusimama, mara nyingi hutua kwenye mirija ya chini kulia. Si ushahidi, maana nimonia za kawaida nazo hupenda hapo. Lakini ukiweka pamoja kupaliwa, upande wa kulia, chini, na ugonjwa unaorudi palepale, unapata sababu ya kutosha kuomba kipimo kikubwa zaidi.

Kuhusu kuyeyuka: hapana. Tumbo lina tindikali, pafu halina. Mfupa unaomezwa hulainishwa na kusagwa na tumbo, lakini ulioingia kwenye pafu unabaki mfupa. Kinachobadilika ni kilicho kandokando yake. Mwili huona kitu kigeni na kuanza kukizungushia nyama changa, laini, inayovuja damu kwa urahisi. Baada ya majuma kadhaa kinyama hicho kinaweza kuufunika mfupa wote, na hata daktari mwenye kamera anaweza kudhani ameona uvimbe wa saratani.

Nyuma ya kizuizi ndiko madhara yanakotokea. Mrija ukizibwa nusu, hewa inaweza kuingia wakati mrija unapotanuka na kushindwa kutoka unapobana, na sehemu ile ya pafu ikavimba kama puto. Ukizibwa wote, hewa iliyobaki humezwa na damu na kipande cha pafu husinyaa. Ute ambao kwa kawaida husukumwa kwenda juu hukosa pa kupita, unatuama, unaoza, bakteria wanastawi. Harufu mbaya uliyoitaja kwenye makohozi huja na aina hiyo ya bakteria, wale wanaopenda mahali pasipo na hewa. Antibiotiki hupunguza idadi yao, homa hushuka, mnafurahi. Lakini kizibo kipo, dimbwi lipo, na dawa ikiisha wanaanza upya. Hiyo ndiyo nafuu ya wiki mbili mbili mnayoiona.

Hali hiyo ikiachwa, nimonia inaweza kugeuka jipu ndani ya pafu, au usaha ukavuja na kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, na hapo mgonjwa huwekewa mrija wa kuunyonya. Mirija ya hewa nayo, kwa kukaa kwenye uvimbe na usaha muda mrefu, inalegea na kutanuka isirudi tena, na mtu anabaki na kikohozi chenye makohozi mengi hata baada ya mfupa kutolewa. Wengine hukohoa damu. Ninayataja haya ili ujue kwa nini nakuhimiza. Sikusudii kukutisha, kwa kuwa baba yako anaweza kuwa bado mbali nayo.

Si kila kitu huumiza kwa namna moja. Plastiki na chuma kisicho na kutu vinaweza kulala humo kwa utulivu, kama kile kikoni cha Preston. Karanga na korosho ni watundu zaidi, kwa sababu mafuta yake huwasha ukuta wa mrija, na punje kavu kama maharage hufyonza unyevu na kuvimba ikiwa ndani. Mbegu za ubuyu, kokwa za tende, vipande vya nazi, jino lililong'oka au kofia ya jino iliyodondoka kwa daktari wa meno wakati mdomo umetiwa ganzi, vyote hivi huweza kuingia. Mafundi cherehani wanaoshika pini kwa midomo, maseremala wenye misumari kati ya meno, na mabinti wanaobana pini za mtandio mdomoni huku wakijifunga mbele ya kioo, nao wamo. Pini ile ni nyepesi na kali, na kicheko kimoja kinatosha.

Nitoe tahadhari moja ambayo haihusiani na baba yako, lakini nikiiacha nitajilaumu. Vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma ambavyo kina mama wajawazito hupewa kliniki, vikiingia njia ya hewa havikai kimya. Vinayeyuka na kuunguza ukuta wa mrija ndani ya saa au siku chache, na kovu lake linaweza kuufunga mrija kabisa. Aliyepaliwa na kidonge hicho na akabaki anakohoa aende hospitali siku ileile, akitaja jina la kidonge.

Turudi kwenye picha. Anayesema mfupa ungeonekana yuko sahihi nusu. Mfupa wa kuku una madini ya kutosha kuonekana kwenye eksirei, lakini kipande chembamba kinaweza kujificha nyuma ya moyo, nyuma ya kiwambo (ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo), au ndani ya weupe uleule wa nimonia. Miiba mingi ya samaki haionekani. Karanga, plastiki na mti havionekani kabisa, na kinachoonekana ni madhara yake tu. Kwa hiyo picha isiyo na mfupa haisemi kwamba mfupa haupo. Picha ya CT ya kifua, ile eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande kwa vipande, huona zaidi sana, hasa mfupa, na huonyesha mrija gani umezibwa na pafu la nyuma yake limeharibika kiasi gani. Hata hivyo mwenye neno la mwisho ni kipimo cha kamera ya mapafu, bronkoskopi. CT ikiwa safi na historia ni ya kupaliwa, bado kamera inaingia.

Na TB je? Kwetu mtu akikohoa zaidi ya majuma mawili, kupimwa TB ni wajibu, na waliompima baba yako walifanya sawa. TB inaweza pia kuwapo hata kipimo kikisema haipo. Lakini kumwanzishia mzee dawa za miezi sita kwa sababu tu antibiotiki zimeshindwa, bila kumwuliza kuhusu kupaliwa, ni kuruka hatua. Nimewaona wagonjwa waliomaliza dozi nzima ya TB na kikohozi kikiwa kilekile. Kama tayari ameshaanza dawa, msizikatishe wenyewe. Nendeni na kadi yake, daktari wa kifua ataamua. Na kama amewahi kuvuta sigara, semeni, kwa sababu uvimbe unaoziba mrija huleta dalili hizi hizi kwa mtu wa miaka 61. Uzuri wa kamera ni kwamba inajibu maswali yote matatu kwa safari moja: ikikuta mfupa unatolewa, ikikuta uvimbe unakatwa kipande cha kupimwa, na ute wa kutoka ndani kabisa unapelekwa maabara kutafutwa TB.

Swali lako la kupasuliwa ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Wengi wa wagonjwa wa namna hii hawapasuliwi. Mwaka 1897 huko Freiburg, Ujerumani, daktari Gustav Killian aliingiza mrija wa chuma kupitia mdomo wa mkulima mmoja na kutoa kipande cha mfupa wa nguruwe kwenye tawi la kulia la njia ya hewa. Kabla ya hapo mtu wa hali hiyo alisubiri bahati au kisu. Baadaye Chevalier Jackson wa Philadelphia aliwatoa watu vitu zaidi ya 2000, kuanzia pini hadi vifungo, na mkusanyiko wake umehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Mütter mjini humo. Katika miaka ya 1960 Mjapani Shigeto Ikeda akaleta mrija laini unaopinda. Tunatumia vyote viwili, ule mgumu na ule laini.

Mrija laini ni mwembamba kuliko kidole chako kidogo. Mgonjwa hunyunyiziwa ganzi puani na kooni, hupewa dawa ya kumtuliza, na kamera hupita puani au mdomoni. Atakohoa, hilo halikwepeki. Mfupa ukionekana hukamatwa kwa koleo dogo au kikapu cha waya kinachopita ndani ya mrija. Ukiwa mkubwa, wenye ncha, au umekwishashikwa na kinyama, daktari anaweza kuona ni salama zaidi kutumia mrija mgumu chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa amelala kwa nusukaputi, kwa sababu mrija huo unaruhusu hewa kupita na koleo kubwa kuingia. Kinyama kikiguswa huvuja damu kidogo, na wakati mwingine kazi husimamishwa, uvimbe ukatulizwa kwa dawa, wakarudi siku nyingine. Kufungua kifua hubaki kwa wachache ambao kitu kimegoma kabisa au sehemu ya pafu imeoza.

Kazi hii haifanyiki kituo cha afya. Inahitaji hospitali ya rufaa yenye daktari bingwa wa kifua au wa masikio, pua na koo, na mtaalamu wa nusukaputi. Kwenu mtaandikiwa Muhimbili ya Dar es Salaam au KCMC ya Moshi, kwa kuanzia hospitali ya mkoa. Kabla ya kwenda, jueni dawa zote anazotumia. Aspirini, klopidogreli na warfarini huongeza kuvuja damu, na kwa mwenye kisukari dozi ya siku hiyo lazima ipangwe upya. Lakini asiache dawa yoyote kabla hajaambiwa. Chakula husimamishwa kwa saa 6 kabla ya kipimo. Baada ya kipimo asile wala asinywe hadi ganzi ya koo iishe na aweze kumeza maji vizuri, la sivyo atapaliwa tena mikononi mwa madaktari.

Mfupa ukitoka baada ya miezi minne, homa na harufu huondoka kwanza, kikohozi hufuata polepole, na picha ya kifua inaweza kuchukua majuma kusafika. Wengi hurudi sawa. Mirija ikiwa imeshatanuka, atahitaji kufundishwa namna ya kutoa makohozi na kuwahi hospitali kila anapopata homa.

Wakati mnasubiri, kuna mambo ya kuacha. Msimpe tonge kavu la ugali au ndizi isiyotafunwa ili kuusukuma mfupa: hupita njia ya chakula, haigusi kitu kilicho kwenye njia ya hewa. Msimpe samli, mafuta ya nazi au ya nyonyo ya kulainisha kifua: mafuta yakiteleza kuingia kwenye mapafu yana nimonia yake yenyewe, na ni sugu. Msimpige mgongoni wala kumwinamisha kichwa chini. Kwa kitu kilichokaa miezi minne haisaidii, na kikichomoka na kukwama juu kinaweza kuziba hewa yote.

Kupigwa mgongoni kuna wakati wake: pale pale mezani, mtu anaposhindwa kukohoa, kusema wala kuvuta pumzi. Akiwa bado anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe, hakuna chombo kinachoshinda hicho. Akinyamaza, mwinamishe mbele, mpige mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega. Isipotoka, simama nyuma yake, fumbata ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, na urudie kwa zamu. Mjamzito au mtu mnene sana huvutwa katikati ya kifua badala ya tumbo. Akizimia, mlaze na uanze kumsukuma kifua huku wengine wakitafuta gari. Msiingize kidole kooni kutafuta msichokiona.

Baba yako akianza kukohoa damu ya kujaa kijiko au zaidi, akashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, akachanganyikiwa, au shingo na kifua vikavimba na kutoa mlio kama wa karatasi ukivibonyeza, msisubiri tarehe ya rufaa. Nendeni usiku huohuo.

Kuhusu yeye kusema mfupa aliumeza, usibishane naye, wazee hawapendi. Mwulize tu kama siku hiyo alikohoa kabla ya kunywa maji au baada, kama sauti ilibadilika, kama alisikia mluzi akivuta pumzi usiku ule, na kama ana meno ya bandia na alikuwa ameyavaa. Majibu yake yaandike, kisha chukua karatasi moja, uikunje ndani ya kadi yake ya hospitali mahali ambapo daktari hawezi kuikosa, na juu yake uandike hivi: "Alipaliwa na mfupa wa kuku tarehe fulani. Kikohozi kilianza baada ya siku kadhaa. Nimonia imerudi mara tatu upande wa kulia chini. TB mara mbili haikuonekana. Tunaomba CT ya kifua na bronkoskopi." Tarehe ya harusi iko kwenye kadi ya mwaliko, kama hamjaitupa.